Kiunganishi cha Mifumo ya Hospitali Kisiachiwe Fundi Peke Yake

Katika hospitali kadhaa nchini kompyuta zimefika mpaka wodini, na bado muuguzi hutumwa maabara kufuata majibu kwa miguu. Si uzembe wa mtu. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulitengenezwa na watu fulani, mashine ya maabara ilikuja na programu yake kutoka ng'ambo, na mfumo wa madai ya bima ni mali ya taasisi nyingine kabisa. Mifumo hiyo haielewani mpaka itengenezewe kiunganishi, yaani programu ndogo inayochukua taarifa upande mmoja, ikazigeuza katika umbo linalosomeka upande wa pili, na kuzikabidhi bila mkono wa mtu.

Kinachostahili kujadiliwa ni nani anayeandika masharti ya kiunganishi hicho. Kwa desturi kazi hukabidhiwa fundi wa TEHAMA, naye huorodhesha anayoyahitaji: maelezo kamili ya namna kila mfumo unavyopokea na kutoa taarifa, anwani salama ya seva, ufunguo wa kuingilia, akaunti ya majaribio, na kiasi cha maombi ambayo mfumo unaweza kuyamudu kwa dakika. Yote hayo ni ya lazima. Akikosa maelezo, fundi atabahatisha. Akikosa akaunti ya majaribio, atajaribia kazi yake juu ya majalada ya wagonjwa walio hai. Hata hivyo orodha hiyo inahakikisha jambo moja tu, kwamba taarifa zitafika. Haisemi kama zitafika na maana ile ile iliyotoka nayo maabara.

Itazamwe namba 18 katika jibu la sukari ya damu. Ikiwa imepimwa kwa milimoli kwa lita, mgonjwa ana sukari iliyopanda mno na huenda akahitaji insulini. Ikiwa imepimwa kwa miligramu kwa desilita, sukari imeshuka kiasi cha kuhatarisha uhai, na insulini hiyo hiyo itamuua. Kwa sadfa ya ajabu, namba ya kuzidishia ili kutoka kizio cha kwanza kwenda cha pili nayo ni 18. Kreatinini ina hesabu yake tofauti: miligramu 1 kwa desilita ni sawa na mikromoli 88.4 kwa lita. Kiunganishi kinachobeba namba na kuacha kizio nyuma hakijavunja sharti lolote la kiufundi. Fundi hana sababu ya kulijua hilo, na si haki kumlaumu. Anayelijua ni mtaalamu wa maabara, ambaye mara nyingi huitwa siku ya uzinduzi.

Misimbo ya kimataifa ipo. LOINC, inayokipa kila kipimo cha maabara namba yake, ilianzishwa mwaka 1994 na Taasisi ya Regenstrief ya Marekani. Na kanuni za FHIR za shirika la HL7 zinaeleza namna jibu linavyopaswa kufungashwa, kizio kikiwemo. Lakini kuoanisha orodha ya vipimo vya hospitali na misimbo hiyo, mstari kwa mstari, ni kazi ya mtu anayevifahamu vipimo.

Saa nazo zina mitego yake. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa ambayo seva nyingi huitumia. Sampuli iliyochukuliwa saa 7 usiku wa kuamkia Jumatano itaandikwa na seva kuwa ya saa 4 usiku wa Jumanne, na daktari anayefungua orodha ya Jumatano asiione. Tena kuna wanaojaza fomu kwa saa za Kiswahili: saa 2 ya muuguzi ni asubuhi kumekucha, saa 2 ya kompyuta ni usiku wa manane.

Upande wa utambulisho, sharti liwe kwamba kiunganishi hakioanishi jibu na mgonjwa kwa jina peke yake. Watu wenye majina matatu yanayofanana si wachache. Namba ya jalada na tarehe ya kuzaliwa vitumike pamoja, na visipolingana, jibu liwekwe kando lisubiri jicho la mtu.

Sharti linalosahaulika kuliko yote linahusu ukimya. Mwaka 2020, Uingereza ilikuwa ikipokea majibu ya vipimo vya korona kutoka maabara mbalimbali na kuyaingiza kwa njia ya kiotomatiki katika majedwali ya Excel ya muundo wa zamani, ambao haupokei zaidi ya mistari 65,536. Majedwali yalipojaa, yaliyozidi yaliachwa nje bila kengele yoyote kulia. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu za taifa. Wenyewe walipata majibu yao. Waliochelewa kujulikana ni watu waliokutana nao, kwa kuwa wafuatiliaji hawakukabidhiwa majina kwa wakati. Hapakuwa na mashine iliyoharibika. Kilichokosekana ni hesabu ya kulinganisha yaliyotumwa na yaliyopokelewa.

Hesabu hiyo ndiyo ya kudaiwa kila asubuhi katika hospitali yoyote yenye kiunganishi. Pia skrini ya daktari itofautishe wazi hali tatu: kipimo hakikuagizwa, kimeagizwa na jibu halijatoka, na jibu limetoka lakini halijafika. Leo zote tatu huonekana kama nafasi tupu, na mgonjwa kwenye benchi huambiwa "majibu bado". Ana haki ya kuuliza kama sampuli yake ilipokelewa maabara, na swali hilo linaweza kufichua hitilafu ambayo hakuna mtumishi aliyeiona.

Kuhusu siri, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kiunganishi kiwe na akaunti yake kinayoweza kunyang'anywa, si nywila ya mganga mfawidhi iliyoazimwa, na kibebe yale tu yanayohitajika.

Watakuwapo wanaosema kwamba masharti mengi kiasi hiki yatachelewesha kazi, na kwamba karatasi nazo hupotea na mwandiko wa madaktari haujawahi kusifiwa. Hoja ina uzito. Jibu lake ni kuanza padogo: kipimo kimoja, tuseme picha kamili ya damu, katika wodi moja, karatasi zikiendelea kwa wiki kadhaa sambamba na kompyuta. Majibu ya hatari yaendelee kupigiwa simu hata kiunganishi kikizeeka.

Kabla ya kufungua wodi ya pili, mkuu wa maabara, muuguzi wa zamu na fundi wakae pamoja, wachomoe waya wa mtandao kwa saa nzima maabara ikiendelea kutuma, na watazame nani anapata taarifa kwanza na kwa njia gani. Umeme ukikatika na mtandao ukirudi, viunganishi vingi hutuma upya. Kila ujumbe usipokuwa na namba yake, jibu moja huingia mara mbili na gharama hutozwa mara mbili. Kwa hiyo waya ukirudishwa, wayahesabu majibu yote yaliyokuwa yakisubiri, kila moja liwe limeingia mara moja tu, kwenye jalada la mwenyewe, kizio kikiwa ubavuni mwa namba.