Kabla ya kununua mfumo, lipia utafiti

Leo tuweke kando mambo ya seva na programu, tuongee pesa. Pesa za umma, na hasa zile za utafiti wa afya.

Hoja yangu ni moja. Serikali yetu iko tayari kulipa mabilioni kwa mfumo wa afya uliokwisha kutengenezwa, lakini hakuna sheria inayoilazimisha kutenga hata senti ili kampuni ya watu wanne hapa Free Area ijaribu wazo dogo kwa miezi sita na kuona kama linafanya kazi hospitalini. Hali ikiendelea hivyo, tutabaki wanunuzi tu.

Tuanze na tarakimu. Oktoba 1, 2024 SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Mfumo wa kompyuta unaoiendesha ulipewa muungano wa kampuni ulioongozwa na Safaricom, kwa shilingi bilioni 104.8 katika miaka 10. Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilisema kwamba ununuzi huo haukufuata ushindani wa zabuni, na kwamba serikali haiumiliki mfumo wenyewe. Sitaki kurudia kelele za siasa. Mimi naangalia kama mwandika programu: tumelipia jibu kabla ya kuuliza maswali. Nani alikaa na nesi wa zahanati ya Bahati au Subukia akaona anavyofanya kazi intaneti ikikatika?

Wenzetu walifanyaje? Marekani, mwaka 1977, shirika lao la sayansi, NSF, lilianza mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo pesa za utafiti. Mwaka 1982 mpango huo ukawa sheria, SBIR. Kila idara ya serikali yenye bajeti kubwa ya utafiti wa nje ilitakiwa kutenga sehemu fulani kwa kampuni ndogo, na sehemu hiyo ilipanda polepole mpaka asilimia 3.2. Taasisi zao za afya, NIH, zilikuwa miongoni mwa watoaji wakubwa.

Uzuri wa mpango ule ni hatua zake. Hatua ya kwanza ni pesa kidogo na miezi michache: thibitisha kwamba wazo linawezekana. Ukishindwa, basi, hasara ni ndogo. Ukifaulu, unaomba pesa za hatua ya pili utengeneze kitu chenyewe, kwa miaka kama miwili. Hatua ya tatu ni sokoni, na huko mpango haukupi kitu. Serikali haichukui hisa katika kampuni yako. Qualcomm, ambayo chipu zake zimo katika simu nyingi mifukoni mwetu, ilipata ruzuku hizi ilipokuwa changa miaka ya 1980. Ni kweli kwamba Septemba 30, 2025 kibali cha mpango kiliisha muda kwa sababu Bunge lao halikukihuisha kwa wakati. Lakini miaka zaidi ya 40 inatosha kutufundisha.

Utasema, hiyo ni Marekani. Sawa, turudi nyumbani Nakuru.

Kati ya 2007 na 2008 watafiti walipima macho ya watu zaidi ya 4,000 wenye miaka 50 na zaidi katika Nakuru hii. Mwaka 2013 walirudi kuwapima tena, na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, MRC, likiwa miongoni mwa wafadhili. Katika kazi hiyo Andrew Bastawrous na wenzake wa chuo cha afya cha London, LSHTM, wakajaribu programu ya simu iitwayo Peek Acuity. Simu inaonyesha herufi E ikielekea upande mmoja, mgonjwa ananyoosha kidole upande huo, mpimaji anatelezesha kidole kwenye kioo, na simu inahesabu. Mwaka 2015 walichapisha matokeo: simu ilikaribia sana chati za kawaida za kupimia macho.

Mimi naiheshimu kazi hiyo, na imewasaidia watu wetu. Baadaye huko Trans Nzoia walifanya jaribio katika shule 50 na kuona kwamba watoto waliopimwa kwa njia ya simu walifika hospitalini kwa wingi zaidi kuliko wale wa njia ya kawaida. Lakini tazama mgawanyo. Macho yalikuwa yetu na barabara za vumbi zilikuwa zetu. Pesa zilizoruhusu mtu kujaribu, kukosea na kujaribu tena zilitoka kwingine, na shirika lililozaliwa na kazi hiyo liko Uingereza.

Eldoret ni hivyo hivyo. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na Indiana. Mbegu ile ilizaa OpenMRS, programu huria inayotumika leo katika nchi nyingi, na ndiyo msingi wa KenyaEMR katika kliniki zetu za ukimwi. Pesa nyingi za KenyaEMR zilikuwa za Marekani. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada ya nje, na Julai mwaka huo USAID ikafungwa. Ukitegemea mfuko wa jirani, siku akiufunga ndipo unajua bei.

Sisi hatukosi sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na ikasema upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hatujawahi kufika huko. Tuna pia sheria ya kutenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vizuri, lakini zabuni ni ya kuleta bidhaa: karatasi, viti, wino wa printa. Huwezi kuomba zabuni ya kitu ambacho bado hakipo.

Chukua mfano mdogo. Vituo vingi bado vinajaza rejista za karatasi, mwisho wa mwezi jumla inaandikwa kwenye fomu kama MOH 705 na 711, halafu mtu anaziingiza kwenye mfumo wa taifa uliojengwa juu ya DHIS2. Je, simu inaweza kupiga picha ukurasa wa rejista na kuhesabu bila makosa kuliko nesi aliyechoka? Sijui mpaka nijaribu. Kujaribu kunataka kibali cha kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI, kutii Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kumlipa nesi kwa muda wake. Programu yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Benki haitakopesha kwa ajili ya swali.

Sasa hesabu. Bilioni 104.8 kwa miaka 10 ni kama bilioni 10.5 kwa mwaka. Asilimia moja tu ni milioni 105. Kila jaribio likipewa milioni 3, ni majaribio 35 kila mwaka. Hata 30 yakifeli, matano yanayobaki yatakuwa yamejaribiwa katika wadi zetu.

Najua mtakachosema: pesa zitaliwa. Hofu hiyo si ya bure. Ndiyo maana nataka kiasi kidogo, kilipwe kwa awamu, majina ya waliopewa yatangazwe na matokeo yachapishwe, hata ya walioshindwa. Mwizi hupenda mkataba mmoja mnene kuliko midogo 35 inayosomwa na kila mtu. Tena kaunti zinaweza kuanza bila kungoja Nairobi, kwa sababu huduma za afya ziligatuliwa tangu 2013. Kaunti ya Nakuru ikitenga pesa za majaribio matano tu na kuwafungulia watafiti milango ya wadi, itajua vipi vya kununua na vipi vya kukataa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukitaka teknolojia ya afya inayotufaa, tulipie kujaribu. Mwenye hoja tofauti ailete, tujadiliane.