Mkindu si Kichaka

Hapa Isebania, mpakani tunapotazamana na Sirari ya Tanzania, watu wa pwani si wengi, lakini nyumba zao nazijua bila kuuliza. Mlangoni mna mnazi. Mche umeletwa kwa basi kutoka Mombasa au Tanga, ukapandwa kwa bismillahi, ukamwagiwa maji asubuhi na jioni. Miaka inapita, majani yanageuka manjano, na hata kidaka hakionekani.

Mkono wa mpandaji hauna lawama. Mnazi wataka joto mchana na usiku. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na Isebania iko juu zaidi ya ziwa. Usiku wa huku ni wa blanketi.

Waliochoka na mnazi huenda vitaluni wakanunua miti ya pambo yenye asili ya mbali: ule mrefu wenye shina laini jeupe kutoka Cuba, au ule wa vishina vingi uliotoka Bukini. Ni mizuri, sikatai. Ila nastaajabu kuwa hakuna anayeulizia mkindu.

Naam, mkindu, huo huo uliowapa mama zetu ukindu wa kusukia mikeka na misala! Ni mti wa Afrika, nao huota pwani na bara, hasa penye maji. Mji wa Makindu, ambao kila msafiri wa Mombasa kwenda Nairobi ameupita, umepata jina kwake. Ol Tukai ya Amboseli ni jina lake kwa Kimaasai, na Wajaluo huuita othith. Basi mgeni hapa ni yupi? Msikiti wa Mtume (S.A.W.) kule Madina ulisimamishwa kwa mashina ya mitende kwa kuwa ndio mti uliokuwapo pale.

Huambiwa kwamba mkindu una miiba, hukua polepole, tena ni kichaka tu. Miiba inayo, na haraka haina. Ukichaka huo ni wa kutotunzwa. Punguza machipukizi ya chini, bakisha mashina matatu au manne, nawe utaona yanavyojipinda kwa madaha. Chipukizi lenye mizizi lipande kwingine. Ukitaka vitende vyake vya rangi ya machungwa, panda miti kadhaa, kwani kuna dume na jike.

Majani mabichi usiyanyoe. Ndiyo yanayoulisha mti. Wala usipigilie msumari. Mjini nimeona vibao vya biashara vimegongomewa kwenye miti ya jamii hii, na shina lake, lisilo na gome la kuota upya, halizibi jeraha hilo kamwe.

Mimi ningeanzia uani mwa msikiti, karibu na bomba la kutawadhia, ambapo maji humwagika bure. Mche upewe kona, mbali na njia ya watoto wa madrasa.