Laptopu ya mtoto 'haioni' intaneti? Pima kabla ya kununua kadi mpya

MTOTO yuko kidato cha tatu na anahitaji kompyuta ya kupakulia mitihani ya miaka iliyopita. Chukulia mama yake, mwenye duka Katoro mkoani Geita, amemnunulia laptopu ya mtumba. Fundi anamweleza kuwa mashine ni ya zamani, Windows 11 haiingii, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Anampigia Linux, mfumo endeshi wa bure. Laptopu inawaka vizuri, ila Wi-Fi haionekani. Fundi anasema kadi imekufa, inunuliwe nyingine.

Mzazi wa Kahama, Shinyanga au Geita akifika hapo, asikimbilie kutoa fedha. Mtoto akipata homa, zahanati humpima malaria kwanza, na dawa hufuata majibu. Laptopu nayo ipimwe. Mara nyingi kadi ni nzima, kinachokosekana ni draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa.

Kabla ya kulipia

Linux nyingi, ikiwamo Linux Mint, huwashwa kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote ndani ya mashine. Mnunuzi amwombe muuzaji au fundi aiwashe hivyo palepale dukani, kisha ajaribu Wi-Fi, sauti, kamera na kibodi. Flashi ya fundi pia inaokoa bando, kwa kuwa faili la Linux Mint ni karibu GB 3.

Wi-Fi ikigoma

Kwanza, itazamwe swichi. Baadhi ya laptopu za zamani zina kitufe cha Wi-Fi ubavuni, nyingine hutumia kitufe chenye alama ya mnara au ndege juu ya kibodi. Kikizimwa, mfumo hauoni mtandao wowote. Amri ya "rfkill list" huonyesha kama Wi-Fi imefungwa.

Pili, itumike simu. Simu ya Android iunganishwe na laptopu kwa waya unaopitisha data, siyo wa kuchaji tu, kisha kwenye mipangilio ya simu iwashwe sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Linux huiona simu kama waya wa mtandao, kwa kawaida bila draiva ya ziada. Hapo laptopu inapata intaneti hata kama Wi-Fi yake bado haifanyi kazi.

Tatu, itafutwe draiva. Kwenye Linux Mint ifunguliwe programu ya Driver Manager. Laptopu nyingi za zamani zenye kadi za Broadcom huhitaji draiva hiyo ya ziada, na ikishawekwa mashine huzimwa na kuwashwa upya. Mfumo ukiomba kuweka nywila ya Secure Boot, iandikwe pembeni, maana itaulizwa tena mashine ikiwaka.

Kama bado, amri ya "lspci" huorodhesha vifaa vya ndani. Kadi ikitajwa, mfumo unaiona na tatizo huenda ni draiva. Picha ya orodha hiyo atumiwe kijana wa chuo anayeelewa kompyuta. Isipotajwa, na kwenye "lsusb" pia haipo, ndipo fundi aikague kadi yenyewe. Ikibidi kununua Wi-Fi ndogo ya kuchomeka kwenye USB, ijaribiwe kwenye mashine hiyohiyo kabla ya kulipia.

Mtandao upo, tovuti hazifunguki

Hapa itazamwe tarehe. Betri ndogo ya saa ikiisha, laptopu hurudi miaka ya nyuma kila inapozimwa, na tovuti hukataa zikidai muunganisho si salama. Tarehe irekebishwe, kisha betri hiyo ibadilishwe.

Diski haionekani

Wakati wa kupiga Linux, diski inaweza isionekane kwa sababu BIOS imewekwa kwenye RAID au RST badala ya AHCI. Fundi anaweza kubadilisha, lakini picha na nyaraka za familia zihamishwe kwanza, na Windows iliyokuwamo inaweza kugoma kuwaka. Betri ya laptopu nayo ijae kabla ya kuanza, kwani umeme ukikatika katikati kazi hurudiwa.

Lisilosubiri kipimo

Kama sehemu ya kugusia kipanya imeinuka au mfuniko wa chini umetuna, huenda betri imevimba. Laptopu izimwe, isichajiwe, isitobolewe, iwekwe mbali na watoto hadi fundi aitoe. Betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto, hivyo hapo mzazi asisite kulipia mpya.