Ulimi Mzito wa Kuomba Radhi



Neno "yaishe" lina kazi nyingi majumbani mwetu. Mume amemtolea mkewe maneno makali mbele ya wakwe, siku mbili hawasemezani, siku ya tatu aingia na kifurushi cha samaki, asema, "Basi, yaishe." Kosa halikutajwa, wala aliyeumia hakuulizwa. Mke huambiwa na wazee anyamaze, kwani mume amekuja mwenyewe. Samaki wataliwa, naam, lakini donda li pale pale.

Karina Schumann, mtaalamu wa saikolojia ya jamii anayefundisha Chuo Kikuu cha Pittsburgh nchini Marekani, amechunguza kwa miaka mingi kwa nini mtu ajuaye kwamba amekosa hushindwa kuomba radhi ipasavyo. Jawabu lake moja ni kwamba kukiri kosa huitishia nafsi. Kila mmoja wetu hujiona mtu mwema. Kusema "nimekudhulumu" ni kuitia ufa sura hiyo. Basi nafsi hujihami: hutafuta visingizio, hulidogosha kosa, au humgeuzia lawama yule yule aliyeumizwa. "Nawe ulinichokoza!" Nani hajayasikia haya?

Katika uchunguzi alioutangaza mwaka 2014, aliwataka watu wamkumbuke mtu waliyemkosea, kisha waandike wangemwambia nini. Baadhi yao aliwapa kazi ndogo kabla ya hapo: waeleze jambo wanalolithamini zaidi maishani, na kwa nini wanalithamini. Hao ndio walioandika radhi iliyokamilika zaidi, yenye kutaja kosa na kulibeba, na yenye visingizio vichache. Nafsi iliyokumbushwa thamani yake huistahimili aibu ya kukiri.

Kuandika karatasini si sawa na kuketi mbele ya shemeji, hilo nalijua. Hata hivyo, sisi tunaoitwa kusuluhisha tuna la kujifunza hapa. Ada yetu ni kumfedhehesha mkosa kwanza, tumhesabie aibu zake zote tangu siku ya harusi, kisha tustaajabu akikana. Tungeanza na mema yake tunayoyajua, huenda akapata nguvu ya kusema kweli.

Kina mama watapenda kujua kwamba mwaka 2010, pamoja na Michael Ross, mtaalamu huyo alieleza kwa nini wanawake huomba radhi mara nyingi kuliko wanaume. Wengi tungedhani ni kiburi cha wanaume. Sivyo walivyokuta. Kila upande uliomba radhi kwa kiwango kimoja kwa makosa uliyoyaona kuwa makosa. Ila wanaume waliyaona machache. Kwa hiyo kununa na kugonganisha sufuria jikoni hakumfunzi mume asiyejua amekosa nini. Mwambie kwa maneno, wakati mmoja, bila hadhira.

Na aliyeumizwa je? Naye nafsi yake imetishwa, pengine zaidi. Schumann na mwenzake Gregory Walton wameonyesha kwamba mtu aliyedhulumiwa hujihisi kupunguziwa utu, na kwamba kusamehe humrudishia utu huo kuliko kulipiza kisasi. Ni habari njema, lakini naiogopea jambo moja: isije ikawa fimbo ya kuwaharakishia wanawake. Mke anayesukumwa aseme "nimesamehe" kabla mume hajataja alilotenda, amenyang'anywa uamuzi wa mwisho uliobaki mkononi mwake. Mpeni muda. Akitaka wiki, apewe wiki.

Ama mume anayepiga, hilo si la kumalizwa kwa radhi peke yake. Mke aweza kumsamehe kwa moyo mmoja na bado akakaa kwao mpaka usalama wake upatikane, na mzazi asimfungie mlango kwa kuogopa maneno ya majirani.