Aliyeshika Mkoba Ndiye Mwenye Vita

Mnamo Machi 2007, mama mmoja wa Marekani ambaye mwanawe alikuwa mwanajeshi alimkabili Mbunge David Obey katika ushoroba wa majengo ya Bunge mjini Washington. Obey hakuwa mtu wa kando. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Baraza la Wawakilishi inayoidhinisha matumizi ya serikali. Mama huyo alitaka kujua ni vipi mpinzani wa vita vya Iraq awe tayari kuvitolea fedha zaidi. Mbunge alipandwa na hasira, akawaita wapumbavu wale waliodai fedha hizo zikatwe. Baadaye aliomba radhi.

Kisa hicho chafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa Historia na Serikali. Katiba ya Marekani haikumwachia rais vita peke yake. Ibara ya kwanza yalipa Bunge, yaani Kongresi, uwezo wa kutangaza vita, tena yakataza fedha za jeshi la nchi kavu kuidhinishwa kwa muda unaozidi miaka miwili. (Hata Katiba yetu ya 2010 yataka Bunge la Taifa liidhinishe kutangazwa kwa vita.) Waasisi wale walijua kwamba mtawala asiyelazimika kuomba pesa halazimiki kumsikiliza mtu.

Ndiposa mapema mwaka huo wa 2007 watetezi wengi wa amani hawakufunga safari ya Washington. Walizifuata ofisi za wabunge wao huko huko majimboni, wakaketi, wakasoma majina ya Wamarekani na Wairaqi waliouawa, na wengine hawakutoka hadi walipotiwa mbaroni. Walipiga hesabu yao vizuri. Mbunge akiwa mji mkuu ni mheshimiwa. Akiwa kwao ni mwombaji kura, na mjumbe wa Baraza la Wawakilishi huziomba kila baada ya miaka miwili.

Jibu walilopewa lilikuwa lile lile la siku zote: pesa zikikatwa, vijana wetu watakosa risasi na fulana za kujikinga. Hoja hiyo yagusa moyo wa mzazi yeyote. Hata hivyo, sisi twaona ilikuwa kisingizio. Nauli ya kumrudisha askari nyumbani nayo ni pesa, wala hakuna aliyedai aachwe jangwani bila chakula. Isitoshe, jambo hili lilikwisha kufanyika. Mwaka 1973 Kongresi ilikataza fedha zozote kutumiwa kwa mapigano ya Marekani katika Indochina kuanzia Agosti 15, na siku hiyo ndege zilizokuwa zikiimiminia Kambodia mabomu zikakoma. Askari wa nchi kavu walikuwa wameshaondoka Vietnam tangu Machi.

Hatudai kuwa amani ilifuata. Mnamo Aprili 1975 Khmer Rouge waliuteka mji wa Phnom Penh, na mauaji waliyoyafanya yangali yanatisha kuyasimulia. Mtetezi wa amani anayeiruka sura hiyo hajasoma kitabu kizima. Lakini naye anayeitumia kuwanyamazisha wenzake akumbuke kwamba Khmer Rouge walikua na kupata nguvu wakati mabomu yale yakianguka, si baada ya kukoma.

Turudi Iraq. Machi 23, 2007, Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 218 dhidi ya 212, mswada uliotoa fedha lakini ukaweka tarehe ya majeshi kuondoka. Wabunge wa baraza la pili nao walipounga mkono sharti la kuondoka, Rais George W. Bush aliukataa mswada huo Mei 1. Kongresi ingaliweza kumrudishia ule ule, au kutompelekea chochote. Badala yake, Mei 24 ilimpa fedha bila tarehe: kura 280 kwa 142 katika Baraza la Wawakilishi, 80 kwa 14 katika Seneti. Spika Nancy Pelosi alipiga kura ya kupinga. Lakini ni yeye aliyekuwa na ufunguo wa ukumbi, naye aliufungua ili mswada huo uingie.

Wanajeshi wa mwisho wa vita hivyo waliondoka Iraq Desemba 2011, miaka minne na miezi saba baada ya kura hiyo. Orodha ya majina yaliyosomwa katika zile ofisi za majimboni ilikuwa imerefuka sana.