KONA YA UFUNDI: Jiliwa lisiume kazi ya watu

Mwezi huu tunajibu swali la akina mama wa cherehani: kwa nini chuma kinakwenda kwa fundi kikiwa laini, halafu kinarudi na alama za meno?

Alama hizo ni za jiliwa, lile ambalo wengi wetu kutoka Kongo tunaliita eto. Taya zake ni za chuma kigumu sana, tena zimechongwa meno ili zishike. Kwenye nondo haidhuru. Lakini kile kijiti cha chuma kinachobeba sindano ya cherehani kinapanda na kushuka ndani ya tundu linalokibana karibu kabisa. Kikipata kovu kinakwaruza tundu, tundu linapanuka, sindano inaanza kucheza, nyuzi zinakatika ovyo. Hapo mama anayelisha watoto kwa ushonaji hana mashine tena, na fundi ameshakula hela.

Dawa yake haina gharama. Tafuta alumini ya sufuria iliyotoboka, au shaba nyekundu. Kata vipande viwili vyenye urefu wa taya, kunja kila kimoja: nusu ilale juu ya taya, nusu ining'inie kufunika meno. Basi. Bati la kopo la mafuta halifai, lile ni chuma. Ukiwa na shaka chukua sumaku ya spika ya redio mbovu; ikinasa, weka pembeni. Ngozi ya kiatu cha zamani nayo inasaidia, ila kazi yaweza kuteleza ukipiga tupa kwa nguvu.

Kabla ya kubana, pangusa unga wa chuma. Chembe moja ikizama kwenye alumini itachora vibaya kama meno yenyewe.

Bomba jembamba lina shida nyingine, linabonyea. Toboa kipande cha mbao ngumu tundu lenye unene wa bomba, kisha pasua mbao kwa msumeno katikati ya tundu. Mtabana mbao, na mbao itabana bomba pande zote. Kwa bolti, chukua nati yake, ikate upande mmoja tu mpaka ndani, ifunge kwenye bolti, ndipo ubane nati (mpasuko usielekee kwenye taya). Uzi wa bolti hauguswi.

Sasa ninyi vijana mnaoongeza bomba kwenye mpini wa jiliwa, au kuugonga nyundo: darasani kwetu hiyo tumeikataza. Nguvu ya mkono inatosha. Kazi ikitetemeka, ishushe iwe karibu na taya, usizidi kukaza.

Wenye sufuria zilizotoboka kabisa tunaomba mtuletee darasani, taya ni nyingi na alumini imetuishia. Mwezi ujao tutaongea juu ya kutunza tupa.