Mradi wa Besiboli Ubaki Darasani, na Ubaki kwa Kiswahili

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana wa Kundi la Wakubwa,

Kikao kijacho cha wazazi kina hoja ya kuondoa mradi wa besiboli kwenye saa ya pili ya Jumamosi na kurudisha imla na methali. Kuna hoja nyingine, ya upole zaidi, inayosema mradi uendelee lakini baada ya masomo na kwa Kiingereza, kwa kuwa mambo ya kompyuta "hayana Kiswahili". Mimi napinga zote mbili, na hiyo ya pili naipinga zaidi. Naandika mapema kwa sababu kwenye kikao kila mtu hupewa dakika tatu, na siku hiyo nitakuwa nimetoka zamu ya usiku.

Kwanza tuelewane juu ya kinachofanyika. Nimesikia ikisemwa kwamba vijana wanacheza gemu. Hawachezi, wanatengeneza. Wanaandika programu ndogo inayofunguka kwenye kivinjari cha simu au kompyuta yoyote, bila kupakua kitu, na programu hiyo inaiga mchezo mzima wa besiboli kwa hesabu.

Kwa sisi tuliokulia kwenye mpira wa miguu, besiboli inachosha kutazama mpaka mtu akufundishe kuihesabu. Watu tisa kila upande, vipindi tisa, na kila timu hushika gongo mpaka watu wake watatu watolewe. Raha yake kwa mpenda hesabu ni kwamba mchezo huu umekatwa vipande vipande. Mpigaji anakuja, jambo moja linatokea, linaandikwa, anakuja mwingine. Tena mambo yanayoweza kutokea hayazidi vidole vya mikono miwili. Atakosa mara tatu atoke. Au mrushaji atarusha vibaya mara nne, naye aende kituo cha kwanza bure. Au atapiga afike kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, au auvushe mpira uzio kabisa. Au atapiga halafu adakwe.

Basi chukueni mpigaji wa kubuni aliyesimama na gongo mara 1000. Tuseme alikwenda bure mara 85, akakosa mara tatu mara 225, akafika kituo cha kwanza kwa pigo lake mara 140, cha pili mara 45, cha tatu mara 5, akavusha uzio mara 30, na mara 470 zilizobaki alitolewa kwa njia nyingine. Vijana wanaiambia kompyuta ichague namba yoyote kati ya 1 na 1000 kwa kubahatisha. Ikitoka 1 mpaka 85, amekwenda bure. Ikitoka 86 mpaka 310, amekosa. Ikitoka 501 mpaka 530, mpira umevuka uzio, na nyumba nzima inapiga kelele. Ni dadu yenye pande 1000, basi.

Baada ya hapo lazima programu ikumbuke nani yuko kituo gani. Vituo ni vitatu, kila kimoja kina mtu au hakina, kwa hiyo kuna hali 8. Waliokwisha kutolewa ni 0, 1 au 2. Mara 8 kwa 3 ni hali 24. Binti mmoja wa miaka 13 alizichora zote 24 kwenye karatasi ya manila, akaibandika ukutani, na sasa hata wadogo wa Kundi la Kati wanaisoma kwa sauti: "Kituo cha kwanza na cha tatu vina watu, ametolewa mmoja." Mwalimu wa sarufi aniambie ni zoezi gani la ngeli lingemtoa mtoto wa miaka tisa sentensi hiyo kwa hiari yake.

Kisha kompyuta inaucheza mchezo huo huo mara 10,000 kwa sekunde chache, na mtoto anahesabu timu ipi imeshinda mara ngapi. Kwa nini 10,000? Kwa sababu ukicheza mara 100 tu, asilimia unayoipata inaweza kupotoka kwa 10 hivi juu au chini. Ukicheza 10,000 upotofu unashuka mpaka kama 1. Mimi jambo hili nalijua kwa njia nyingine: presha ya mgonjwa iliyopimwa mara moja, amepanda ngazi na ana hofu, si presha yake. Tunapima tena.

Njia hii ina historia ambayo ningependa kila kijana aijue. Mwaka 1946 mwanahesabu Stanislaw Ulam, aliyehamia Marekani kutoka Poland, alikuwa akipata nafuu baada ya ugonjwa mkubwa, akicheza karata peke yake kupitisha muda. Akajiuliza ni mara ngapi mchezo huo hukubali. Kukokotoa ilikuwa kazi ngumu mno. Akaona ni rahisi zaidi kuzipanga karata mara 100 na kuhesabu. Wazo hilo alilipeleka kwa mwenzake John von Neumann, na kompyuta za mwanzo zikalifanyia kazi. Likaitwa Monte Carlo, jina la mahali penye jumba la kamari. Hilo la kamari nitalirudia.

Na kwa wazazi wanaofanya kazi maghalani usiku: mtu aliyewafundisha Wamarekani kuitazama besiboli kwa takwimu, Bill James, alikuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha maharage ya makopo huko Kansas. Kijitabu chake cha kwanza alikitoa mwenyewe mwaka 1977. Zamu ya usiku ina watu wake.

Sasa nije kwenye lugha, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Watoto wetu wana Kiswahili cha njoo, kula, vaa, salimia wageni, acha simu. Wana Kiswahili cha kuagizwa. Mara tu mazungumzo yanapofika mahali pa kufikiri, pa kupima jambo na kubishana, wanahamia Kiingereza, na sisi tunawafuata huko huko. Akifika miaka 12 mtoto ameshapata picha kamili: Kiswahili ni cha jikoni na cha kukemewa.

Mradi huu umefanya kitu ambacho miaka yangu sita ya kufundisha hapa sijakiona kikifanyika kwa imla. Uigaji wowote ni swali la ingekuwaje. Kocha angemtoa mrushaji sasa, tungeshinda mara ngapi katika 100? Kocha angalimtoa juzi kipindi cha saba, wangalishinda? Hiyo ni "-nge-" na "-ngali-", nyakati ambazo kila mwaka nazifundisha na kila mwaka zinakufa mlangoni. Sasa hawawezi kubishana bila hizo. Kijana wa miaka 14 alimfokea mwenzake: "Asingalimwacha yule, tusingalifungwa!" Nikamwambia apunguze sauti, lakini moyoni nilitamani aongeze. Na "hu-" nayo imepata kazi: huyu hupiga tatu katika kumi, yule hukosa sana. Vijana wa hapa Ohio wanampenda Elly De La Cruz wa Cincinnati kwa sababu mwaka 2024 aliiba vituo 67. Mwaka huo huo alikosa mara tatu mara 218. Yote mawili ni kweli kwa mtu mmoja, na mtoto akiweza kuyasema yote mawili kwa Kiswahili bila kugeuza moja kuwa uongo, amekua.

Maneno wameyatafuta wenyewe. "Kwenda bure" ni lao, na "kuvusha uzio". Kwa aliyetolewa, wenye wazazi wa Tanga walitaka "amekufa", kama kwenye rede. Mimi ni nesi, nikaomba tutafute lingine.

Mnaweza kuuliza: yote haya ya nini, si mchezo tu? Niwape sababu inayonikosesha usingizi. Hospitali za nchi hii zina wakalimani, na una haki ya kuomba mmoja bila malipo. Ombeni, tafadhali. Lakini barua ikifunguliwa mezani nyumbani, au daktari akipiga simu ghafla jioni, mkalimani ni mtoto. Daktari anasema upasuaji huu una hatari, watu 3 katika 100 hupata tatizo fulani. Mtoto anamgeukia bibi anasema: "Utapata tatizo." Au anasema: "Hakuna shida." Nimewaona bibi wawili wakikataa matibabu kwa sentensi ya kwanza, na nimemwona babu akitia saini kwa sentensi ya pili. Mtoto hakudanganya. Alikuwa na "itatokea" na "haitatokea", katikati hakuwa na kitu. Hakuwa na "huenda", "yumkini", "haielekei", "mara 3 katika 100". Hakuna aliyewahi kuzungumza naye mambo ya uwezekano kwa Kiswahili, hata siku moja.

Ndiyo maana nasema hoja ya kuuhamishia mradi kwenye Kiingereza ni mbaya kuliko ya kuufuta. Kuufuta kunawanyima mchezo. Kuuhamisha kunawafundisha kwamba uwezekano hauna Kiswahili, na hilo watakwenda nalo hospitalini na bibi.

Kuhusu kamari. Baba mmoja alisema kwa uchungu kwamba tunawafundisha watoto kubashiri mechi. Hofu yake naiheshimu, kwani mahakama kuu ya nchi ilifungua mlango mwaka 2018, na hapa Ohio tangu tarehe 1 Januari 2023 aliyefikisha miaka 21 anaweza kuweka dau kwa simu akiwa kitandani. Matangazo watoto wanayaona kila mapumziko ya mchezo. Msidhani wanasubiri mradi wetu ndipo wajue kamari ipo.

Hesabu tuliyofanya nao ni hii. Dau la kawaida ni kuweka dola 110 ili upate faida ya dola 100. Tuseme unabahatisha sawasawa, nusu unapata, nusu unakosa, mara 1000. Umepata mara 500, faida dola 50,000. Umekosa mara 500, hasara dola 55,000. Umetoa dola 5,000 na hujadanganywa na mtu. Ili usipoteze lazima upatie zaidi ya mara 52 katika 100, miaka nenda rudi, dhidi ya kampuni yenye kompyuta kubwa kuliko yetu. Vijana waliandika programu yake wenyewe, wakaona mstari wa fedha ukipanda kidogo, ukishuka, ukipanda, halafu ukizama. Kijana mmoja alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kumwonyesha mjomba wake. Mahubiri yangu ya miaka yote hayajawahi kuuliziwa hivyo. Sharti langu liko wazi: kwenye mradi hakuna kuwekeana chochote, hata peremende.

Hoja kwamba besiboli si mchezo wetu nitaipitia haraka. Watoto hawa wamezaliwa hapa. Na kama tunatafuta nyumbani, timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu mwaka 2011 kuja kwenye mashindano ya dunia ya watoto huko Pennsylvania ikanyimwa viza, jambo ambalo hakuna mtu katika ukumbi wetu atahitaji kuelezwa. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakaja, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale.

Kuna somo jingine ambalo sitaki lipotee. Programu inajua kilichoandikwa tu. Josh Gibson alicheza katika ligi za weusi wakati ligi kuu ilipowafungia mlango, akafariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajaingia uwanjani Brooklyn. Takwimu za ligi zile ziliingizwa kwenye kumbukumbu rasmi mwaka 2024 tu, na Gibson akawa juu ya wote kwa wastani wa maisha, 0.372, akampita Ty Cobb. Mapigo yake hayakuongezeka hata moja mwaka huo. Aliyeongezeka ni mwandishi. Vijana waliongeza ligi hizo kwenye programu bila kuombwa, na wakati wa kuingiza namba walibishana, kwa Kiswahili, kama ni haki kumlinganisha mtu aliyeandikiwa michezo michache na mtu aliyeandikiwa maelfu. Hawakukubaliana. Bado wanabishana.

Ninachoomba kikao ni dakika 45 za saa ya pili mpaka mwisho wa muhula, methali zirudi saa ya kwanza zilikokuwa, na mzazi mmoja anayejua JavaScript kunizidi, jambo ambalo si gumu. Tunahitaji pia kompyuta mbili, hata za zamani, mradi betri isife kabla ya kipindi cha tisa. Anayetaka kuona kabla ya kupiga kura aje Jumamosi saa tano asubuhi chumba cha nyuma. Mje na bibi na babu wa watoto, maana vijana wameandaa maelezo kwa ajili yao, na wameahidi kuyasema yote wenyewe.